Bastola Ndogo na Mama Mwenye Watoto



Huenda baadhi yenu mkashtuka kukuta habari ya bastola katika kurasa hizi, ambamo tumezoea kusoma mambo ya ndoa, malezi na mapishi. Lakini sisi tunaoishi Marekani tunakutana na jambo hili kila siku, na kina dada wanaohamia huku huniuliza maswali ambayo wanaona haya kuyauliza mbele za watu. Mimi naishi Houston, jimbo la Texas, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, binti wa miaka 15 na mvulana wa miaka 4. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao, na zamu yangu huisha saa tano usiku. Nikifika kwetu naegesha gari katika uwanja mpana wenye taa chache, kisha napanda ngazi peke yangu. Jirani yetu mmoja, mama kama mimi, alinyang'anywa gari lake papo hapo huku ameelekezewa bunduki. Ndipo nilipoanza kufikiri juu ya kubeba bastola ndogo.

Siwaambii nyote mkanunue. Nataka kueleza jinsi nilivyoichagua yangu na mahali ninapoiweka, ili anayefikiria jambo hili alifikirie akijua uzito wake.

Kwanza tulizungumza nyumbani

Mume wangu hakukubali upesi. "Mama watoto," aliniambia, "chuma hakimjui mwenyewe. Kinachokulinda uwanjani kinaweza kumuua mtoto chumbani." Hakusema uongo. Katika vifo vya silaha nchini Marekani, zaidi ya nusu ni vya watu wanaojiua wenyewe, na nyumba yenye kijana aliye katika umri wa machozi ya ghafla ina sababu ya kuogopa. Tulizungumza kwa majuma kadhaa, tukafikia maagano matatu. La kwanza, bastola iwe mwilini mwangu au ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa, hakuna mahali pa tatu. La pili, sote wawili tujifunze kuitumia. La tatu, mmoja wetu au binti yetu akiingia katika huzuni nzito, au ugomvi mkubwa ukitokea, bastola itoke nyumbani kabla ya jambo lingine lolote.

Na hapa niseme wazi: nyumba ambayo mume humpiga mke, au mke humtishia mume, isiingizwe silaha kabisa. Tangu mwaka 1996 sheria ya Marekani inamkataza kumiliki silaha mtu aliyepatikana na hatia ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa.

Sheria inasemaje?

Si kila mgeni anaruhusiwa. Wengi walioingia kwa viza ya muda, kama ya utalii au masomo, wanakatazwa kumiliki silaha, isipokuwa kwa masharti machache. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Ukinunua dukani unajaza fomu, na jina lako linachunguzwa kabla hujakabidhiwa.

Texas ilianza kutoa leseni za kubeba bastola iliyofichwa mwaka 1996. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mwenye miaka 21 au zaidi ambaye hakukatazwa na sheria anaweza kubeba bila leseni. Hata hivyo mimi nilichukua leseni. Nilikaa darasani, nikafanya mtihani wa kuandika, kisha nikapiga risasi 50 kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15. Sababu yangu ni ya kimama: kila asubuhi nampeleka mtoto shuleni, na sheria ya nchi nzima inakataza kubeba silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shule, lakini inamruhusu mwenye leseni ya jimbo hilo. Ndani ya jengo la shule siingii nayo hata hivyo.

Ninyi mnaosoma mkiwa Kenya au Tanzania, kwenu mambo ni mengine. Huko bastola haimilikiwi bila leseni ya serikali. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Msiige taratibu za Texas.

Ipi niichague?

Nilichagua rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka. Aina hii ndogo si mpya. Mwaka 1927 kampuni ya Colt ilitoa Detective Special, yenye mtutu wa inchi 2 na risasi 6. Mwaka 1950 Smith & Wesson ikatoa Chiefs Special, ndogo zaidi, ya risasi 5, na rivolva nyingi za mfukoni za leo ni wajukuu wa hiyo. Faida yake ni kwamba haina sehemu ya juu ya kuvutwa kwa nguvu kabla ya kupiga, jambo linalowashinda baadhi ya kina mama. Ukifungua silinda unaona mara moja kama ina risasi au haina. Mpini wake ni wa mviringo na hujificha vizuri chini ya nguo. Hasara zake ni risasi chache na kifyatulio kigumu, ambacho huhitaji kuvutwa kwa nguvu ya kilo 5 hivi.

Muuzaji wa kwanza alinionyesha iliyo nyepesi kupita zote, kama gramu 400. "Hii ndiyo ya wanawake," alisema. Mkononi ilikuwa tamu kama kijiko. Lakini mwalimu wetu, mama mtu mzima aliyefundisha kina mama wengi, alinipeleka kwanza katika uwanja wa shabaha, ambako wanakodisha bastola za kujaribia. Nilipiga risasi 5 kwa ile nyepesi, na kila moja ilinipiga teke kwenye kiganja hata nikaanza kufumba macho kabla ya mlio. Kisha akanipa ya chuma kitupu, yenye umbo lile lile na risasi zile zile za .38 Special, yenye gramu 600 na ushee. Teke lilipungua, mkono ukatulia, nikapiga 50 bila kuomba kupumzika. Hapo nikaelewa: wepesi unakufurahisha unapobeba, na uzito unakufurahisha unapopiga. Bastola inayokuumiza hutaizoeza, na usiyoizoeza usiibebe.

Basi ukienda kuchagua, angalia mambo haya. Kidole kifike kwenye kifyatulio bila kuupindisha mkono. Omba kuvuta kifyatulio mara kumi mfululizo, bastola ikiwa tupu na yenye risasi bandia. Kama mara ya saba mkono unatetemeka, tafuta nyingine. Chagua ambayo nyundo yake, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi, imefunikwa ndani, kwa sababu ya nje hunasa kwenye kitambaa. Tena jifunze kuweka vidole nyuma ya silinda, maana moto na gesi hutoka ubavuni mwake inapopigwa. Na usinunuliwe bila kuwapo. Mkono wa mume si mkono wako, na wahenga walisema cha kuazima hakistiri maungo.

Niiweke wapi mwilini?

Wanawake wengi hujibu: kwenye mkoba. Mimi nasema la. Mkoba huporwa, huwekwa chini, husahauliwa, na zaidi ya yote watoto huuchokonoa wakitafuta peremende. Tarehe 30 Desemba 2014, katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho, mama mmoja wa miaka 29 alikuwa dukani na watoto. Alikuwa na leseni, na mkoba wake ulikuwa umetengenezwa mahususi kwa kubebea bastola. Mwanawe wa miaka 2, aliyeketi kwenye toroli, alipenyeza mkono mkobani, bastola ikafyatuka, na mama yake akafa pale pale. Msidanganyike kuwa kifyatulio kigumu cha rivolva kitamzuia mtoto. Anaweza kukivuta kwa vidole gumba viwili.

Kwa hiyo bastola ikae mwilini, na ikae kwa raha. Raha hii si anasa. Inayokuchoma mbavuni utaitoa ukifika tu mlangoni, uiweke juu ya friji "kwa dakika moja", na dakika hiyo ndiyo ya hatari.

Cha kwanza ni ala yake. Iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, na iishike bastola hata ukiinama kuokota kiatu cha mtoto. Cha pili ni mkanda. Mkanda laini wa urembo hulegea na kuiacha silaha ikining'inia. Tafuta mpana na mgumu. Cha tatu ni mahali. Wanaume wengi huvaa nyuma kidogo ya nyonga ya kulia. Sisi tuna nyonga pana na kiuno kifupi, na pale nyonga huusukuma mtutu nje na mpini ukaingia mbavuni. Nilipoisogeza mbele ya mfupa wa nyonga, maumivu yakaisha. Mtoto nambeba upande wa kushoto, nao hugusa shavu langu badala ya chuma.

Siku ya gauni lisilo na mkanda navaa mkanda mpana wa kitambaa cha kuvutika, unaozunguka tumbo kama kibwebwe. Ndiyo, kama bibi zetu walivyojifunga kanga kiunoni kabla ya kushika jembe. Nilitafuta wenye ganda gumu mbele ya kifyatulio, kwa maana kitambaa kitupu hakitoshi. Wengine huweka mfukoni mwa suruali. Nao wawe na ala ya mfukoni, na mfuko huo usiwekwe funguo wala kitu kingine chochote.

Msalani ndipo kina mama wengi hujisahau. Usiitoe kwenye ala ukaiweka juu ya tangi la maji. Iache ndani ya ala yake, uishike pamoja na nguo mpaka umalize.

Kabla hujaibeba hadharani, ivae nyumbani kwa juma zima ikiwa tupu. Pika, fua, piga magoti, endesha gari, mkumbatie shangazi. Utajua mapema inapochomoza na inapokuumiza.

Ikitoka mwilini

Shirika ninalofanyia kazi haliruhusu silaha ndani ya nyumba za wazee, nami natii. Naitoa pamoja na ala yake, bila kugusa kifyatulio, na kuifungia katika kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya mnene chini ya kiti cha gari. Nikimaliza kazi naivaa tena. Nyumbani kuna kisanduku kingine kilichokazwa kwa skrubu ukutani, kinachofunguka kwa namba. Namba hizo tunazijua baba watoto na mimi tu. Binti yetu hazijui, na si kwa sababu hatumpendi. Sheria ya Texas nayo inamtia hatiani mtu mzima ambaye kwa uzembe amemwachia mtoto wa chini ya miaka 17 nafasi ya kuifikia silaha yenye risasi. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwa chombo hiki, hapana.

Mvulana wetu tumemfundisha maneno manne: usiguse, ondoka, mwite mkubwa. Lakini hatutegemei utii wa mtoto wa miaka 4, tunategemea kufuli.

Neno kwa mama mjamzito: uwanja wa shabaha una makelele na vumbi la risasi, ambalo lina madini ya risasi yanayodhuru mtoto tumboni. Mazoezi yangoje. Na sisi wengine tukitoka huko tunawe mikono kwa maji baridi na sabuni, tubadili nguo, ndipo tuwakumbatie watoto.

Tangu nilipoanza kubeba sijaichomoa hata mara moja mbele ya mtu, na naomba iwe hivyo hadi nizeeke. Mwizi akitaka mkoba nitampa mkoba. Akitaka gari nitampa funguo, maadamu mtoto hayumo. Bastola ni kwa ajili ya saa ile ambayo mtu anataka uhai wangu au wa mtoto wangu na hakuna njia ya kukimbia.

Dada unayefikiria jambo hili, jiulize kabla ya kutoa fedha. Je, mume wangu na mimi tumekubaliana kweli, au mmoja amenyamaza tu? Je, kisanduku cha chuma nimekinunua kabla ya bastola yenyewe? Je, niko tayari kwenda uwanjani kila mwezi, hata nikiwa nimechoka? Kama jibu moja ni hapana, nunua taa kali ya mkononi, omba mwenye nyumba aongeze taa uwanjani, na mwambie mumeo ashuke ngazi kukupokea. Mume wangu hunipokea mpaka leo, ingawa nina bastola kiunoni.