Raundi Tano za Biharamulo

Mume mwenzangu, bibi yako kanionyesha kwenye simu picha yako ukiwa na viatu vipya vya kukimbilia, vya rangi ya machungwa, na chini yake umeandika kwamba utakwenda Moshi kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro kwa saa moja na nusu. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Kilomita 21 na kitu kwa dakika 90 maana yake kila kilomita dakika 4 na sekunde 16, mfululizo, na sehemu kubwa ya mwanzo ni kupanda kuelekea Mweka. Baba yako ananiambia kilomita tano unazimaliza kwa dakika 32. Sikucheki. Mimi nani hata nikucheke? Vuta kigoda nikusimulie ya Biharamulo.

Ilikuwa 1974. Ngara na Biharamulo zilikuwa wilaya za Mkoa wa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita vya Amin. Nilikuwa darasa la sita, kwetu Ngara, kwenye shule iliyokaa mgongoni mwa kilima, ukungu hautoki asubuhi mpaka saa tatu, na harufu ya asubuhi ile ni moshi wa kuni mbichi na majani ya migomba yaliyolowa. Mwanzoni mwa Februari redio ya mwalimu mkuu ilitangaza kwamba Filbert Bayi, kijana wetu, amevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3, sekunde 32 na nukta 2, na kwamba aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, John Walker akimfukuza asimpate. Maskini sisi, katika habari yote ile tulishika maneno hayo tu: mwanzo hadi mwisho. Kuanzia siku hiyo hakuna mtoto aliyetumwa maji akaenda kwa kutembea. Mitungi mingapi ilivunjika Ngara mwaka ule, Mungu ndiye ajuaye.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye saa ya mkono yenye mshale wa sekunde, na daftari la mistari alilolikunja na kulitia mfuko wa nyuma mpaka likachukua umbo la kiuno chake. Uwanja wetu ukiuzunguka ulikuwa kama mita 300, kwa hiyo mita 1500 ilikuwa raundi tano. Alinipima mara tatu kwa siku tofauti: 5:41, 5:36, 5:38. Kisha akaniandikia lengo langu: 5:30. Yaani raundi moja sekunde 66, zote tano zifanane. Nikamuuliza, mwalimu, nitakuwa wa ngapi? Akasema hilo haliko mikononi mwako, liko miguuni mwa watoto usiowajua. Halafu akachukua chaki, akagawa muda wa Bayi kwa tano. Sekunde 42 na ushee kwa raundi. Alikusudia tuone umbali uliopo kati yetu na Bayi. Mimi niliona namba ya kufukuza.

Mashindano yalikuwa Biharamulo. Tulipakiwa kwenye lori ambalo siku nyingine lilihamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa. Sakafuni bado kulikuwa na punje za maharage na kinyesi cha kuku. Porini mbung'o walituingia hadi ndani ya fulana. Biharamulo iko chini kuliko kwetu, na joto lake lilitupokea kama mlango wa jiko. Lile boma la Wajerumani lilituangalia na kuta zake nene, tukanong'onezana habari za mahandaki ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na uhakika nazo. Usiku tulilala darasani juu ya nyasi kavu, tukala ugali wa ule unga wa njano ambao watu waliuita wa Yanga, kwa kuwa mvua zilikuwa zimetupa kisogo na mahindi ya nje ndiyo yaliyokuwepo. Nje ya uwanja mama mmoja mwenye kovu kidevuni aliuza maandazi kwa senti 20, ile sarafu ya mbuni. Harufu yake ilinitesa kuliko mbung'o. Sikuwa na senti.

Vibao viligonganishwa, nikatoka kama swala. Peku, bukta ya kaki, fulana ya kuazima. Raundi ya kwanza nilikuwa mbele peke yangu, watu wanapiga kelele, na nakiri mbele yako kwamba sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, hata siku ya harusi, na bibi yako asisikie. Mwalimu aliniambia baadaye ilikuwa sekunde 50. Raundi ya pili bado niko mbele, lakini kichomi kimenishika ubavuni. Ya tatu kinywa kikawa na ladha ya chuma. Hapo akanipita kijana mwembamba wa shule nyingine ya Ngara, ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Rwanda miaka ya sitini, ananukia samli, anapumua taratibu kama mtu anayekwenda dukani. Nyuma yake wakaja wengine, sikuwahesabu. Raundi ya nne nikakaa kitako kwenye mstari wa majivu. Yule kijana alishinda, na sidhani kama aliwahi kuniona.

Kwenye lori sikuzungumza na mtu. Mwalimu alikuja kukaa karibu yangu, akaniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba Bayi huyo huyo alikwenda Olimpiki ya Munich mwaka 1972 akiwa na miaka 19 na hakuvuka mchujo. Alikuja kumshinda Kipchoge Keino kule Lagos mwaka uliofuata, na Christchurch ikaja baada ya hapo. La pili, kwamba John Stephen Akhwari kule Mexico mwaka 1968 alimaliza marathoni akiwa wa 57, wa mwisho, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Akanyamaza. Hakusema nilipaswa kuelewa nini, nami nikajitia kuangalia miti.

Basi, babu, pima kwa kile ulichokwisha kukimbia. Dakika 32 kwa kilomita tano ni dakika 6 na sekunde 24 kila kilomita. Hata ukiishika kasi hiyo mpaka mwisho, na hutaishika, ni saa mbili na robo. Kile kilima cha Mweka kitadai chake. Mwalimu wangu angekuandikia saa mbili na nusu, na kabla ya hapo angekuandikia kumaliza kwa miguu yako mwenyewe. Kilomita tatu za kwanza wakupite wote, mpaka wazee wa umri wangu. Inauma. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote siku hiyo.

Mwaka uliofuata nilirudi Biharamulo nikiwa darasa la saba. Raundi ya kwanza nilikuwa karibu wa mwisho, nahesabu kimoyomoyo mpaka 66, na watu wa shule yetu wananizomea. Nilimaliza wa sita. Wa sita hapewi kitu. Mwalimu alichomoa daftari lake, akalifungua kwanza ukurasa wa mwaka wa nyuma. Kila mtoto alikuwa na namba mbili, aliyopangiwa na aliyopata. Mbele ya jina langu palikuwa na 5:30, halafu kistari. Akafunua ukurasa mpya, akaandika 5:30, akaangalia saa yake tena, akaandika 5:28. Kisha akaingiza mkono mfukoni akanipa mbuni mmoja, nikaenda kwa yule mama mwenye kovu.