Penseli Juu ya Msasa Mweusi

Niliingia Juba mwishoni mwa 2010 kwa basi la kutoka Kampala, kupitia Gulu na mpaka wa Nimule. Zile kilomita 192 za kutoka mpakani zilikuwa bado hazijakamilika kutiwa lami, kwa hiyo nilishuka nikiwa mwekundu kuanzia nyusi mpaka kamba za viatu. Nilikuwa na brashi sita, makopo mawili ya rangi ya mafuta, na boksi la penseli za rangi nililonunua Mombasa ili kumwonyesha mteja mfano kabla ya kupanda ngazi. Nilikuja kuandika mabango. Kuchora watu hakukuwamo katika hesabu zangu.

Kazi haikuhitaji kutafutwa. Saluni, maduka ya simu, hoteli za mabati, kila mtu alitaka jina lake juu ya mlango. Kura ya maoni ya Sudan Kusini ilikuwa Januari 2011, tarehe 9 hadi 15, na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, karatasi ya kura iliwekwa alama mbili: mikono miwili iliyoshikana kwa wanaotaka umoja wa Sudan, kiganja kimoja kilichoinuliwa kwa wanaotaka kujitenga. Hiyo mikono iliyoshikana hakuna aliyeniagiza hata mara moja. Kiganja nilikichora ukutani, kwenye fulana, kwenye bati la kibanda cha chapati. Matokeo yalipotangazwa, asilimia 98.83 walikuwa wamechagua kujitenga, na mkono wangu ungeweza kuchora kiganja kile nikiwa nimelala.

Jioni, kwa kujifurahisha, nilichora nyuso, na hapo nikakwama. Nilizoea kuchora watu wa kwetu Pwani kwenye karatasi nyeupe: unaanza na kahawia hafifu, unakoleza pole pole, pua inainuka. Nyuso za Juba zilikataa. Nilianza na kahawia, nikaongeza zambarau, nikakandamiza nyeusi, mpaka karatasi ikateleza kwa nta na haikupokea kitu tena. Mtu aliyekuwa mbele yangu aking'aa kwa jasho na jua la saa kumi, kwenye karatasi alitoka kama tundu lililotobolewa. Nilimlaumu mwenye duka kwa kuniuzia penseli mbovu.

Karibu na chumba changu kulikuwa na gereji ya mafundi wa kunyoosha bodi, Waganda watupu. Siku moja fundi mmoja alitaka kuniandikia bei ya kopo la rangi. Hakuwa na karatasi. Akachukua penseli yangu ya manjano, akaandika juu ya msasa wa maji, upande wa punje. Zile tarakimu zilikaa pale zikiwaka. Nikamwomba ule msasa.

"Una gari?" akaniuliza.

"Sina."

"Sasa utapiga nini msasa?"

Nikamwambia nitachora. Akawaita wenzake waje wanione.

Msasa wa maji ni ule mweusi, ambao mafundi huuchovya kwenye ndoo kabla ya kusugua bodi. Punje zake ni kabidi ya silikoni, ngumu na nyeusi zenyewe bila kupakwa kitu. Karatasi moja ina upana wa milimita 230 na urefu wa 280, kwa hiyo uso wa mtu unaenea bila kubanwa. Nilijaribu namba zote walizokuwa nazo. Namba 120 ilikula penseli nzima kwa shavu moja. Namba 1000 ilikuwa laini mno, nta ikateleza kama kwenye karatasi ya shule. Nikatua kwenye 400, na 600 kwa macho na midomo.

Kwenye karatasi nyeusi ya kawaida, ile ya manila, rangi huzama. Unaweka nyekundu unaona damu iliyokauka, unaweka manjano inageuka kijani cha maji ya mferejini. Punje za msasa zinaikwangua penseli na kushika kila chembe, tabaka juu ya tabaka, hata hizi penseli ngumu za wanafunzi ambazo hazina rangi ya kutosha. Lakini lazima uanze na nyeupe. Pale unapotaka rangi iwake, unalaza nyeupe kwanza, kisha manjano au nyekundu juu yake. Kwa hiyo kwenye kila boksi nyeupe ndiyo iliyokwisha mwanzo, na kwa kuwa haikuuzwa peke yake, nilibaki na rundo la kijani na buluu zisizoguswa. Watu wanaotoka Nairobi niliwaagiza penseli nyeupe kama wengine wanavyoagiza dawa.

Na unga! Msasa unatoa unga wa rangi mfululizo. Ukiufuta kwa kiganja umeharibu kazi ya siku mbili. Nilijifunza kusimamisha ubao wima na kuugonga kwa nyuma, unga ukaanguka kwenye magazeti. Mwezi wa Machi, joto la Juba linapopanda hadi karibu nyuzi 40, nta hulainika mkononi na ncha hukatika, basi nilichora alfajiri.

Aliyenifundisha kitu kikubwa kuliko vyote hakuwahi kushika penseli. Alikuwa mama wa chai chini ya mwarobaini, na jiko lake la mkaa na birika za chai na karkade. Kiswahili alikipata Kakuma, alikoishi miaka mingi ukimbizini, nacho kilikuwa Kiswahili cha kambini, cha haraka, kisicho na subira na mtu wa Mombasa. Mji ule haukuwa na umeme wa kutegemea. Jenereta zikinyamaza, mwanga wote uliobaki barabarani ulikuwa wa majiko kama lake. Nilimwomba nimchore. Nikakaa naye jioni tatu. Ya tatu akanyoosha shingo akaangalia.

"Mwanangu, mbona hujanipaka rangi?"

"Nimekupaka, mama. Hapa, na hapa."

"Hapo umepaka moto."

Kweli, nilikuwa nimepaka moto tu: rangi ya chungwa chini ya kidevu, buluu kidogo kwenye paji kutoka angani, nyeupe kwenye ukingo wa birika. Mashavu yake sikuyagusa. Yalikuwa msasa mtupu, na yalikuwa yake. Miezi yote ile nilikuwa nikihangaika kutengeneza weusi ambao karatasi hii inakuja nao kutoka dukani.

Kwetu msasa ni mti kwanza. Ni wa jamii ya mikuyu, na majani yake yenye kukwaruza ndiyo maseremala waliyosugulia mbao kabla ya karatasi za kiwandani kufika. Basi nilijiambia kwamba sikufanya la ajabu kwa kuchukua kifaa cha fundi. Edward Saidi Tingatinga, kule Dar es Salaam mwaka 1968, alianza kwa mbao za dari na rangi ya kupakia baiskeli. Baadaye sana niligundua kwamba viwanda vinatengeneza karatasi za msasa kwa wachoraji, UArt kwa mfano, na nyeusi pia wanayo, zikiwa na namba zilezile: 400, 600, 800. Nilicheka peke yangu dukani, kisha nikaona bei nikaacha kucheka.

Mchoro niliobaki nao si wa yule mama. Huo aliuchukua. Nilio nao ni wa mlinzi wa kompaundi tuliyopanga, Mnuer, mtu wa makamo mwenye gaar, mistari sita ya chale inayokatiza paji zima kutoka sikio hadi sikio. Kwenye msasa ile mistari ilikuwa raha. Kila mmoja nilimulika ukingo wake wa juu tu kwa penseli nyeupe iliyochongwa kama sindano, ukainuka wenyewe. Alifurahi, akataka utundikwe kwenye kibanda cha lango, nami nikautundika.

Usiku wa Jumapili, 15 Desemba 2013, risasi zilianza upande wa kambi za jeshi. Kufikia Jumanne tulikuwa tumesikia jinsi watu wanavyosimamishwa, wanavyoulizwa swali kwa lugha fulani, wanavyotazamwa paji la uso. Maelfu walikuwa wamekimbilia kwenye kambi za Umoja wa Mataifa. Mlinzi akaja chumbani kwangu na mchoro mkononi, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi.

"Ustaz, toa hii." Akapitisha kidole juu ya mistari.

Nikasema tuuchome. Akakataa, sura yake haichomwi. Nikapaka nyeusi juu ya mistari, lakini nta nyeusi juu ya nta nyeupe hutoa kijivu, na mistari sita ya kijivu ilisomeka vizuri kuliko mwanzo. Nikachukua kipande kingine cha msasa nikausugua mchoro, punje kwa punje. Mistari ikatoka. Akaangalia, akatikisa kichwa kukubali, akanirudishia niuweke mimi. Usiku ule aliondoka kuelekea Tongping, kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa.

Niliruka kwenda Nairobi siku chache baadaye, mchoro ukiwa kati ya mashati mawili, na mashati yote mawili yalitoka yameliwa nyuzi. Nimejaribu kulirudishia lile paji mistari yake mara kadhaa, hata kwa penseli nzuri, Polychromos za Faber-Castell. Shavu bado linapokea rangi, kidevu kinapokea. Kwenye paji punje zimekwisha. Penseli inapita juu yake bila kuacha alama.