Maji Usiyoyafika: Safari Yetu ya Shimoni na Wasini



Mara nyingi katika kurasa hizi tumeandika juu ya mambo ya hapa hapa Kingsbury: shule za watoto, karatasi za makazi, harusi na misiba. Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya bahari. Familia nne miongoni mwetu zilisafiri pamoja mwezi wa Desemba hadi pwani ya kusini ya Kenya, na huko watu wazima watatu na watoto watano wakashuka chini ya maji wakiwa na mitungi ya hewa migongoni. Wengi wametuomba tueleze tuliyoyaona. Tutaeleza, ila tunatanguliza kusema kwamba safari yenyewe haikuanza kwa ajili ya samaki. Ilianza kwa ajili ya neno moja la Kiswahili.

Watoto wetu hawana bahari. Maji makubwa waliyoyazoea ni ya Brent Reservoir, ambayo watu wa hapa huyaita Welsh Harp: bwawa lililokamilishwa mwaka 1835 ili kuulisha maji mfereji wa mashua za mizigo. Siku za Jumapili huenda kutazama bata na vyombo vya matanga. Kuogelea wamefundishwa na shule zao, katika maji ya uvuguvugu yenye harufu ya dawa. Nasi wazazi, ingawa baadhi yetu tulizaliwa hatua chache tu kutoka ufukweni, wengi hatujui kuogelea. Bahari kwetu ilikuwa ni kazi ya wavuvi na hofu ya akina mama.

Mmoja wa watoto hao, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba mjomba wake "alizamia". Kaka yake mama aliondoka Mombasa mwaka 1991, akiwa kijana, na tangu mwaka huo haikuja barua wala simu. Kila mtu mzima wa pwani anaifahamu maana ya neno hilo linaposemwa kwa sauti ya chini: kijana amejificha ndani ya meli ya mizigo, akitafuta maisha ng'ambo. Lakini mtoto, ambaye Kiswahili chake ni cha jikoni na cha kumsalimia bibi kwa simu, alifahamu kwamba mjomba wake alikuwa bingwa wa kuzamia baharini. Akampenda kwa sababu hiyo. Alipofika umri wa miaka 10 akaanza kumwomba mama yake naye afundishwe kuzamia. Mama hakuwa na moyo wa kumsahihisha. Kila mara alimjibu, "Mwakani, mwanangu." Mwakani ikawa miaka miwili, na hatimaye ikawa safari.

Tulichagua Desemba kwa sababu mbili. Ya kwanza ni likizo ya shule. Ya pili ni upepo. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, bahari ya upande ule huchafuka na maji huwa na vumbi la mchanga. Kaskazi inapoingia, maji hutulia na macho huona mbali. Kutoka Mombasa tulivuka kivuko cha Likoni, tukapita Ukunda na Msambweni, tukauvuka mto wa Ramisi, kisha tukaiacha barabara kuu ya Lunga Lunga na kukata kushoto. Kutoka hapo ni mwendo wa kilomita 15 hivi hadi mwisho wa rasi, ambako nchi kavu inakwisha na mji wa Shimoni unaanza.

Jina la mji latokana na shimo, yaani pango kubwa la mawe ya matumbawe lililo karibu na ufuko. Wenyeji wamepokea kutoka kwa wazee wao kwamba humo walifungiwa watumwa wakisubiri vyombo vya kuwachukua, na pango hilo sasa linatunzwa na wanakijiji wenyewe. Tuliingia kabla ya kwenda baharini. Ndani mna giza, popo na unyevu. Watoto waliokuwa wakicheka njiani walinyamaza. Kwa hiyo jambo la kwanza walilojifunza juu ya pwani hii ni kwamba si kila aliyeondoka hapa aliondoka kwa hiari yake.

Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti iko kusini ya kisiwa cha Wasini. Ilianzishwa katika miaka ya 1970, na ina sehemu mbili: Kisite, yenye kilomita za mraba 28, ambako hairuhusiwi kuvua kabisa; na Mpunguti, yenye kilomita za mraba 11, ambako wavuvi huruhusiwa kutumia mitego na mishipi ya jadi. Kiingilio hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni. Wazazi tulitoa vitambulisho vya Kenya. Watoto wakatoa pasipoti za Uingereza, wakahesabiwa wageni. Hakuna aliyetukosea, kwani ndiyo kanuni. Hata hivyo, binti mmoja aliuliza, "Kwa nini mimi ni mgeni na baba si mgeni?" na baba yake hakuwa na jibu la haraka. Tunawakumbusha wasomaji wenye asili ya Kenya kwamba Katiba ya mwaka 2010 humtambua kuwa raia kwa kuzaliwa mtoto ambaye baba au mama yake ni raia wa Kenya, hata kama amezaliwa nje ya nchi, na inaruhusu uraia wa nchi mbili. Karatasi hizo zishughulikiwe mapema.

Asubuhi iliyofuata tulifundishwa. Mwalimu wetu, kijana wa pwani hiyo hiyo, alianza na jambo moja ambalo alilirudia mpaka watoto wakalisema kwa pamoja: usizuie pumzi. Alieleza kwamba katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa hubanwa ikawa nusu ya ukubwa wake. Mtu akipanda huku ameziba pumzi, hewa hiyo hutanuka na kuweza kuyapasua mapafu. Ndiyo maana mzamiaji huvuta na kutoa pumzi wakati wote, na hupanda polepole. Mtoto aliye chini ya miaka 10 haruhusiwi, na anayeanza hapelekwi zaidi ya mita 12. Kifaa cha kupumulia chini ya maji kwa mtungi, tuliambiwa, kilitengenezwa na Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, mwaka 1943.

Nahodha wetu, mzee wa Wasini, alisikiliza yote hayo akitabasamu. Yeye katika ujana wake alipiga mbizi bila mtungi, kwa pumzi moja, akitafuta pweza na kamba kwenye mapango ya mwamba. "Sisi tulikuwa na kifua tu," alisema, "na Mungu."

Tukashuka. Tunakiri kwamba mtu mzima mmoja miongoni mwetu alirudi juu mara mbili kabla ya kukubali, na aliyemshika mkono alikuwa mwanawe mwenyewe. Chini kuna sauti moja tu, nayo ni ya pumzi zako. Rangi nyekundu hupotea mapema, hata kitambaa chekundu alichofunga mwalimu mkononi kikaonekana cha kahawia. Mwamba wa matumbawe ulisimama kama ukuta wa mji wa kale, na wakazi wake hawakutujali: kitatange wawili wawili, pono wakitafuna mwamba kwa sauti inayosikika, mkunga akichungulia pangoni mwake, na kasa mmoja mkubwa aliyepita juu yetu bila haraka. Samaki wale tumewala maisha yetu yote. Kwa mara ya kwanza tuliwaona wakiwa kwao.

Hatutaficha tuliyoyaona mengine. Ziko sehemu ambapo matumbawe yamekufa, yamebaki kifusi cha kijivu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakageuka meupe na sehemu kubwa ya yale ya pwani ya Kenya yakafa; na mwezi wa Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba maafa ya namna hiyo yameenea tena duniani. Kwa upande mwingine, wakazi wa Wasini na Mkwiro wakishirikiana na watafiti wamekuwa wakiotesha matumbawe juu ya vyuma na saruji zilizotuliwa chini, kama mtu anavyopandikiza miche. Kazi hiyo huenda polepole sana.

Tuliporudi mashuani, nahodha aliwaketisha watoto na kuwauliza wameona nini. Wao walieleza kwa rangi: yule wa manjano, yule mwenye milia. Yeye akatoa jina la kila mmoja, na mahali anapolala, na mwezi anaponenepa. Hapo ndipo yule mtoto wetu wa miaka 12 alipomwuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Babu, ulimjua mjomba wangu? Na yeye alizamia. Alikuwa Mombasa."

Mzee alimtazama mama wa mtoto, na mama akatazama chini. Tunadhani alifahamu mara moja. Akasema, "Wazamiaji wako wengi, mjukuu wangu. Wako wanaozamia majini, na wako wanaozamia melini. Wa kwenu ni wa namna gani, atakwambia mama yako."

Mchana tulikula Wasini: kaa, samaki wa kupaka, na wali wa nazi. Kisiwa hicho hakina magari, na kwa karne nyingi watu wake waliishi kwa maji ya mvua waliyoyahifadhi kwenye mabirika. Nyuma ya kijiji iko bustani ya mawe ya matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu bahari ilipojitenga nayo, na katikati ya mawe hayo na mikoko akina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao. Kiingilio chake huwasaidia wao na watoto wao. Juu ya njia hiyo mama alimweleza mwanawe. Alimweleza kwamba mjomba hakuwa na mtungi wala miwani. Kwamba aliingia melini usiku bila ya kuaga. Kwamba bibi aliacha mlango bila komeo kwa miaka. Na kwamba hakuna ajuaye kama alifika.

Mtoto alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akauliza swali moja tu: "Huko alikojificha, palikuwa na hewa?"

Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Waama, miaka yote hiyo hapana mtu mzima miongoni mwetu aliyewahi kujiuliza hivyo. Tulikuwa tumelifanya jambo lile kuwa aibu ya familia, au hadithi ya ushujaa, kufuatana na aliyekuwapo. Ilibidi mtoto aliyezaliwa London ashuke mita 10 na kurudi juu ndipo afikirie pumzi za mtu yule.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tulikwenda tukidhani tunawaonyesha watoto kwao, kumbe nasi tulikuwa hatujafika. Nusu ya lugha tuliyowapa watoto wetu ni ile nyepesi, ya chakula na ya salamu. Maneno mazito tumeyaacha chini, tukitumaini hawatayagusa, nao huyagusa kila siku.

Kwa watakaopenda kufuata njia hii, tunatoa nasaha chache. Mwoneni daktari kwanza, hasa mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au matatizo ya masikio. Chagueni nahodha wa pale pale, na mwombeni awafundishe watoto majina. Msiguse matumbawe, wala msiwafukuze pomboo. Baada ya kuzamia, acheni siku nzima ipite kabla ya kupanda ndege; na kumbukeni kwamba hata gari moshi la kwenda Nairobi hupanda hadi mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo nalo lahesabiwa. Gesi iliyobaki mwilini haitofautishi ndege na mlima.

Na kwa walio na jamaa aliyepotea njiani, Msalaba Mwekundu wa Uingereza una huduma ya kuwatafuta ndugu waliotenganishwa na vita, maafa au uhamiaji, nayo haitozi malipo. Mama yule amekwisha kupeleka maombi yake. Fomu aliijaza pamoja na mwanawe, mezani, na palipohitaji maelezo ya namna mjomba alivyoondoka, mtoto ndiye aliyeandika.