Nilivyomfufua Liyongo

Nilimfufua Fumo Liyongo. Hakuna aliyenituma.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika muswada wa filamu juu ya shujaa huyu wa tenzi, na siku zile nilikuwa nimelewa kitabu cha Christopher Vogler. Huyu, enzi zake Disney, aliandika waraka wa kurasa 7 uliotokana na kitabu cha Joseph Campbell cha mwaka 1949, kisha akaukuza ukawa kitabu chenye safari ya shujaa kwa hatua 12. Nikazibandika ukutani. Shujaa anaitwa, anasita, anapata mshauri, anaponea chupuchupu, mwisho anarudi nyumbani na dawa ya watu wake.

Mwanzoni hadithi iliingia yenyewe, na hapo ndipo niliponaswa. Gereza la Pate likawa pango la giza. Ngoma ya gungu inayorindima nje huku Liyongo akikata pingu kwa tupa, sikuigusa. Saada, kijakazi aliyemletea tupa hiyo ndani ya mkate wa wishwa, nikamfanya mshauri, ingawa maskini hamshauri mtu chochote. Kikabaki kifo. Mwana anamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, baba amelala. Lakini hatua ya 12 inamtaka arudi. Basi nikamrudisha: sindano ikaenda kombo, akapona, akamsamehe mwanawe, mji ukampokea kwa vigelegele. Nilijiona fundi.

Tulikaa na waigizaji kuusoma muswada kwa sauti. Mama aliyepewa nafasi ya Mbwasho, mamaye Liyongo, alifika kurasa za mwisho, akarudi nyuma mbili, akavua miwani.

"Mwanangu, kisimani nakwenda lini?"

Nikamweleza kwamba sini hiyo nimeiondoa, maana Liyongo hafi.

"Haya," akasema, akazipanga karatasi zake.

Masikio yaliniwaka moto. Katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, Liyongo anafia karibu na kisima, amepiga goti, upinde ameuvuta. Watu wanakaa na kiu siku kadhaa, hakuna anayethubutu kumsogelea, mpaka mamaye anaombwa aje ambembeleze mwanawe, naye ni maiti. Anayegeuka hapo si shujaa. Ni mji, unaotetemeka mbele ya mtu ambaye amekwisha kufa. Filamu ilikuwa pale kisimani, nami nimeifuta kwa kuwa karatasi ya ukutani haikuwa na mahali pa kuiweka.

Kosa si la Vogler. Mwenyewe ameonya kwamba hatua zile si kanuni. Ukurasa huo niliuruka.

Kuandika upya kulichukua miezi mitano. Mtayarishaji hakungoja, alichukua kazi nyingine, nami nikarudisha nusu ya malipo. Muswada wa pili umo kwenye droo. Sini ya mwisho ni ya Mbwasho.