Lenzi moja badala ya mbili: wiki mbili na Tamron 28-200mm

Wale mliokuja hapa kutafuta msimbo, leo upo kidogo tu. Yaliyobaki ni vioo na pesa.

Swala lenyewe liko hivi. Nina kamera ya Sony A7 III, ile iliyotoka 2018 yenye megapikseli 24, na lenzi tatu: 28-70mm iliyokuja na kamera, 50mm ya f/1.8, na 70-200mm ya f/4 ambayo niliipata mtumba baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu. Mwenzangu wa kazini anauza Tamron yake ya 28-200mm. Akaniambia, "Bro, kaa nayo wiki mbili. Ukiipenda tuongee, usipoipenda nirudishie." Ili niinunue ni lazima niuze zile zumu zangu mbili, maana karo ya Januari inakuja na haitangoja mtu. Nikishauza, kuirudia ile 70-200 siku nyingine si mchezo. Kwa hivyo nikaamua kuijaribu kama ninavyojaribu programu kabla ya kuipeleka kwa mteja.

Kitu cha kwanza sikupiga picha hata moja. Niliandika skripti fupi ya Python inayoita ExifTool, ikapitia folda zangu za miaka minne na kuhesabu kila picha ilipigwa kwa milimita ngapi. (Kila faili ya picha hubeba habari hizo ndani yake: lenzi, tundu, kasi, saa.) Nilipochora grafu, vilima vilikuwa viwili. Kimoja kiko chini ya milimita 50, na ndicho kikubwa, zaidi ya nusu ya picha zote. Cha pili kimesimama kama mlingoti kwenye 200 kamili. Katikati, kuanzia 70 hadi 150, karibu jangwa.

Nikaanza kujiuliza, mbona jangwa? Je, sipendi picha za milimita 100? Nikaangalia saa za picha. Kila nilipobadilisha lenzi kulikuwa na pengo la dakika kadhaa, na baada ya pengo nilikaa na lenzi ile ile mpaka shughuli iishe. Yaani nilikuwa nikichagua lenzi kisha lenzi inanichagulia picha. Logi hukuonyesha kilichotokea tu. Picha ambazo sikupiga hazina EXIF.

Haya, tuje kwa chombo chenyewe. Tamron 28-200mm f/2.8-5.6 ilitoka 2020. Ina gramu 575. Zumu zangu mbili kwa pamoja zina gramu 1,135, yaani karibu mara mbili. Inafunguka f/2.8 kwenye 28mm, ambayo kwa lenzi ya aina hii ni jambo la kushangaza, kisha mwanga unapungua polepole kadiri unavyovuta mbele mpaka f/5.6. Inaweza kukaribia kitu hadi sentimita 19 ukiwa kwenye 28mm, kwa hivyo maua na chakula mezani hazikushindi. Chujio lake ni la milimita 67.

Sifa mbaya ya lenzi za "kila kitu" ni ya zamani. Tamron wenyewe walitoa 28-200 yao ya kwanza mwaka 1992, enzi za filamu, na tangu hapo wapiga picha wakubwa wamekuwa wakizikunjia pua: kona za picha ni laini, mistari iliyonyooka inapinda kama upinde. Sababu si uvivu wa wahandisi. Kioo kinachonyoosha mistari kwenye 28mm si kile kinachoinyoosha kwenye 200mm, na kila unapozungusha zumu, vipande vya kioo ndani vinasogea na kosa linabadilika umbo.

Hapa ndipo mimi kama mtu wa programu nilipoanza kufurahi. Kwenye kamera za zamani zenye kioo cha kuakisi, ulichokiona kwenye dirisha la kuchungulia kilikuwa ni mwanga wenyewe kupitia lenzi. Mstari ukipinda, unauona umepinda. Kwenye kamera zisizo na kioo hicho, unachokiona ni skrini ndogo, na kabla picha haijafika kwenye skrini hiyo imeshapita kwenye kompyuta. Kompyuta inajua lenzi ni ipi na iko milimita ngapi, inanyoosha mistari na kuongeza mwanga kwenye kona, halafu ndiyo inakuonyesha. Kwa hivyo mbunifu anaweza kuliachia msimbo kosa la mistari, akatumia vioo vyake kupigania ukali. Mfano uliokithiri ni Canon RF 24-240mm ya 2019: kwenye 24mm, faili ghafi bila marekebisho ina kona nyeusi kabisa, na ni programu inayoivuta picha mpaka ijae. Wengine wanasema huo ni udanganyifu. Mimi nasema lenzi ya siku hizi nusu yake ni programu, na programu nzuri siionei aibu.

Mimi hutumia darktable kwenye Linux, nayo hutegemea maktaba ya Lensfun, ambapo watu wa kujitolea wamepima lenzi na kuandika tarakimu zake kwenye faili za XML. Nilizima marekebisho nione ukweli. Niliubandika ukurasa wa Taifa Leo ukutani. Bila marekebisho mistari ya gazeti ilipinda. Nikawasha, ikanyooka. Kona zilikuwa laini kidogo tundu likiwa wazi kabisa, na nikifunga hadi f/8 naweza kusoma matangazo ya vifo mpaka ukingoni. Katikati sikuona tofauti na 70-200 yangu ila nilipokuza picha mpaka nikaanza kujionea huruma.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho msimbo hauwezi: kuleta mwanga ambao haukuingia. Piga hesabu. Milimita 200 gawanya kwa 5.6 unapata tundu la milimita 36 hivi. Kwa f/4 ni milimita 50. Eneo la tundu, na kwa hivyo mwanga, ni mara mbili. Ukitaka f/2.8 unahitaji tundu la milimita 71, na ndiyo maana 70-200 ya f/2.8 ya Sony, hata toleo la pili la 2021 walilolipunguza uzito, bado linapita kilo moja. Jioni, au ndani ya ukumbi wa kanisa wenye taa mbili, lenzi hii ikiwa kwenye 200 inakulazimisha kupandisha ISO mpaka picha iwe na chenga kama mchanga.

Tena haina kituliza mtikiso ndani yake. Inategemea kamera. A7 III inatikisa kihisi chenyewe ili kufidia mkono, kwa hivyo sikuteseka. Kama una kamera isiyo na huduma hiyo, fikiria mara mbili, au tazama Tamron 18-300mm ya 2021 kwa kamera za kihisi kidogo, ambayo inacho kituliza chake. Wenye Nikon wana 24-200mm ya 2020, nayo inacho. Na kituliza hakimsimamishi mtoto anayekimbia, hilo ni kazi ya kasi ya shata.

Jaribio la kweli lilikuwa nyumbani, Taita. Nilipanda treni hadi Voi (picha za ndovu kupitia dirisha la treni zote ni ukungu, na hapo usiilaumu lenzi, kile kioo cha dirisha kingemshinda yeyote), kisha matatu kupitia Mwatate hadi juu Wundanyi. Wanaoijua Voi wanajua vumbi lake jekundu. Kwenye kamera yangu, ukitoa lenzi kihisi kinabaki wazi, hakuna pazia. Safari zilizopita nilirudi na madoa kwenye kila anga ya bluu. Safari hii kamera haikufunguliwa hata mara moja.

Nyanya yangu ana picha moja tu ya marehemu babu, ile ya kipande, macho yamekodolewa. Naye mwenyewe akiona kamera hugeuka kipande: anasimama wima, mikono pajani, tabasamu linazimika. Nikija na lenzi kubwa nyeupe, na nikianza kufungua mifuko na kubadilisha, uwanja mzima unajipanga kama wa pasipoti. Safari hii nilipiga wajukuu kwenye 28mm pale mlangoni, na wakati nyanya, ng'ambo ya uwanja, alipoanza kumcheka kuku aliyeingia jikoni, nilizungusha mkono tu. Sekunde moja hivi. Milimita 183, f/5.6, ISO 3200 kwa sababu jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima. Ina chenga. Amecheka mpaka jicho limefungika.

Nilipomwonyesha kwenye skrini akaniuliza, "We mjukuu wangu, umenipiga saa ngapi?" Kisha akataka kuiona tena.

Narudi kwa pesa. Wanaopiga harusi za usiku kwa malipo, msiguse hii, bakini na tundu kubwa. Wenye nyumba ndogo mjue 28mm si 24mm. Sebuleni kwangu mgongo wangu ulikuwa ukutani na bado mtu mmoja alibaki nje ya picha. Tamron wametoa toleo la 25-200mm mwaka 2025 ambalo linapunguza shida hiyo, ila bei ya kitu kipya sina.

Nimemlipa mwenzangu nusu, nusu nyingine mwisho wa mwezi. 28-70 imeenda kwa mwanafunzi wa uanahabari. 70-200 imechukuliwa na jamaa anayepiga picha za raga, na nilipoikabidhi niliishika kidogo kabla ya kuiachia, sitadanganya. Ile 50mm ya f/1.8 imebaki mfukoni kwa ajili ya usiku. Karo imelipwa. Skripti ya kuhesabu milimita nitaiweka hapa wiki ijayo nikishaisafisha. Iendeshe kwenye folda zako kabla hujaenda dukani.