Fedha za Kiondo na Fedha za Unga

Huko Kabati, Ukambani, mwanamke asukaye viondo nyumbani kwake huuza kimoja, akanunua unga, kisha akashangaa kuwa fedha za kununulia katani hazipo. Biashara haikupata hasara. Imeliwa na jiko. Tangu mwaka 2007 M-Pesa humwonyesha shilingi zilizoingia katika simu yake, lakini haimwambii kama ni bei ya kiondo au zawadi ya mwanawe aliye Nairobi. Hiyo ni kazi ya daftari: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, na majina ya walionunua kwa deni. Unga nao uandikwe, ila mahali pake mbali, maana si gharama ya kiondo. Na siku alizosuka? Wengi hawaziandiki kabisa, hata mchuuzi akitaja bei duni hawana la kumjibu.