Nyumba ya Udongo Ugenini

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilipokuwa mtoto niliyasikia maneno hayo mara nyingi, na kila mara nilidhani kuwa yalisemwa kumchoma mgeni mvivu. Sikuyaelewa hata nilipokuwa mgeni mimi mwenyewe, katika nchi iliyo mbali na kwetu. Huko nilijua kuwa methali hii haimfukuzi mgeni, bali humfungulia mlango. Nitakusimulia, msomaji, jinsi nilivyolijua jambo hilo, pamoja na uongo niliousema njiani, maana nisipoutaja uongo huo habari yangu itakuwa nusu.

Kwetu ni Kwale, katika pwani ya Kenya. Nilikwenda Japani kusoma, nikaoa huko, na mwezi wa Novemba mwaka 2022 mke wangu na mimi tulihamia kijiji kimoja cha milimani katika mkoa wa Nagano, kwenye kisiwa cha Honshu. Nyumba tuliyoingia ilikuwa ya marehemu babu yake, nayo ilikuwa haijakaliwa kwa miaka 11. Usidhani kuwa jambo hilo ni la ajabu huko. Vijana wamehamia mijini kwa muda mrefu, watoto wanaozaliwa ni wachache, na wazee wanapofariki nyumba zao hubaki na kufuli. Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilionyesha nyumba zisizokaliwa zipatazo milioni 9 katika nchi nzima, yaani karibu nyumba 1 katika kila nyumba 7.

Nguzo za nyumba yetu zilikuwa nene, nazo zilisimama juu ya mawe bapa bila msingi wa saruji. Boriti ziliungana kwa ndimi na matundu yaliyochongwa kwa patasi. Paa lilikuwa la nyasi, lakini zamani lilikuwa limefunikwa kwa mabati, kama yalivyofanyiwa mapaa mengi ya namna hiyo. Mikeka minene ya sakafuni, iitwayo tatami, ilikuwa imeota kuvu. Mchwa walikuwa wamekula kizingiti. Ukuta wa upande wa kaskazini ulikuwa umebomoka, na matumbo yake yalikuwa nje.

Nikachungulia ndani ya ukuta huo. Niliona fito za mwanzi uliopasuliwa, zimefungwa kwa kamba za majani, na juu yake tope lililochanganywa na majani makavu ya mpunga. Nilisimama kimya kwa muda. Ukuta ule, isipokuwa mwanzi na mpunga, ulikuwa ukuta wa nyumba ya nyanya yangu kule Kwale. Laiti ningaliweza kukuambia kuwa moyo wangu ulifurahi! Uliona haya.

Nilipokuwa katika shule ya sekondari, wenzangu walitutania sana sisi tuliotoka katika nyumba za udongo. Mmoja alizoea kuniuliza kila baada ya likizo kama mvua ilikuwa imeniachia kitanda. Nikaapa kuwa siku nitakayopata fedha nitamwondolea nyanya yangu aibu hiyo. Mwaka 2016 niliivunja nyumba yake, nikamjengea nyingine ya matofali ya saruji na mabati. Kabla ya kuivunja aliniambia, "Mjukuu wangu, niachie chumba kimoja tu. Nimezoea ubaridi wake." Nilimjibu kuwa watu wangetucheka. Hakusema neno jingine.

Basi niliazimia kuung'oa ukuta ule wa kaskazini na kuweka mbao za kiwandani mahali pake.

Kwanza ilitupasa kuingia kijijini kwa adabu. Desturi ya huko ni kwamba ahamiaye huenda na kijizawadi kwa majirani wa karibu: nyumba 3 zinazokabili yake na nyumba 2 za ubavuni. Tulipeleka taulo na sabuni, tukapokewa kwa heshima. Kwa kuwa nilifika kwa njia ya ndoa, kijiji kizima kiliniita Bwana Mkwe. Kisha baridi ilikuja. Katika milima ile huna budi kuyamwaga maji yote yaliyomo katika mabomba kabla ya kulala, ama sivyo yataganda. Usiku mmoja nilisahau, na asubuhi bomba lilikuwa limepasuka na jiko limejaa maji. Aliyekuja na spana kufunga maji alikuwa mzee wa nyumba inayokabili yetu, mtu wa miaka 83. Alitengeneza, akainama, akaenda zake.

Mwezi wa Aprili mwaka 2023 lilipita tangazo. Katika vijiji vya Japani matangazo huwekwa katika jalada moja, nalo hupelekwa kwa mkono kutoka nyumba hata nyumba. Lilisema kuwa Jumapili kila nyumba itoe mtu mmoja kwenda kuzibua mifereji, ili maji ya theluji inayoyeyuka yafike katika mashamba ya mpunga kabla ya kupanda. Mke wangu alikuwa na zamu ya kazi mjini. Mimi nilikuwa nimekwisha kupima mbao zangu, nikajiambia kuwa sina shamba la mpunga, na kwamba watu wanatosha. Nikabaki nyumbani nikipiga msumeno, huku nikisikia sauti za makoleo bondeni.

Hakuna aliyenilaumu. Jioni yule mzee alipita barabarani, akasimama, akaniambia kwa upole, "Bwana Mkwe, maji yamefika shambani." Kisha akaendelea na safari yake. Msomaji, nimewahi kukaripiwa na watu wengi, wala sijapata kuumizwa na maneno yao kama nilivyoumizwa na maneno yale. Kijiji kile kilikuwa na watu wachache, tena wengi wao wazee. Jembe moja lililokosekana liliongeza uzito katika mikono ya mtu wa miaka 83 aliyenifungia bomba langu.

Mwezi wa Mei ilipofika siku ya kufyeka majani kandokando ya mashamba, nilikuwa mtu wa kwanza kufika. Tulifyeka mpaka saa sita. Siku iliyofuata mzee alikuja nyumbani kwetu bila kuitwa. Nikapata habari kuwa kazi yake ya ujana ilikuwa kukandika kuta. Aliuona ukuta wangu, akaziona mbao zangu, akaniomba nisitupe hata bonge moja la udongo ulioanguka. Alieleza kuwa udongo wa ukuta wa zamani hauzeeki: huvunjwa, hulowekwa, hutiwa majani mapya ya mpunga, kisha huachwa miezi kadhaa. Majani huoza, tope hunuka, na uozo huo ndio unaolifanya lishike.

"Kwenu mnajenga kwa nini?" aliniuliza.

"Kwa mawe," nikajibu.

Ni kweli kwamba Lamu na Mombasa zina majumba ya kale ya mawe ya matumbawe. Lakini hakuuliza habari za Lamu wala Mombasa. Aliuliza habari za kwetu, nami nikamdanganya.

Tulichimba shimo dogo uani, tukatandika turubai, tukamimina udongo, maji na majani. Nikavua viatu, nikaingia. Nyanya yangu alinifundisha kukanyaga tope kwa kisigino, kuzunguka polepole kutoka ukingoni kuelekea katikati, na kuugeuza mguu kabla ya kuuinua ili tope lisiumeze. Sikulikumbuka fundisho hilo kwa akili. Miguu ililikumbuka yenyewe. Nilipoinua uso, mzee alikuwa ameweka koleo chini, ananitazama.

"Bwana Mkwe," akasema, "mawe hayakanyagwi hivyo."

Nikamwambia yote. Hakunicheka wala hakunifariji. Aliuliza nyanya yangu alitia nini katika tope lake, nikamjibu kuwa alitia samadi ya ng'ombe katika mkandiko wa mwisho. Akalifikiri jambo hilo kama fundi anavyofikiri habari ya fundi mwenzake. Kisha akasema angependa kuiona picha ya nyumba hiyo.

"Haipo," nikasema.

"Iliungua?"

"Hapana. Niliivunja."

Mzee akainama, akachukua koleo lake, tukaendelea na kazi.

Mwezi wa Agosti tope lilikuwa tayari. Tulifunga fito mpya za mwanzi, na siku ya kukandika walikuja watu 9, kila mmoja na ndoo yake. Wajapani wana neno lao, yui, kwa kazi ya namna hii ya kusaidiana kwa zamu. Katika kijiji cha Shirakawa, mkoa wa jirani wa Gifu, ambacho nyumba zake kubwa za nyasi ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995, mapaa yameezekwa kwa msaada wa namna hiyo. Sisi tunaita ujima. Mzee alishika mwiko, mimi nikamletea tope, na watu wakapokezana. Tulikandika upande mmoja, tukaungoja ushike, tukakandika wa pili. Ukuta ulikauka kwa wiki nyingi, ukapasuka nyufa, nasi tukaziziba kwa mkandiko laini.

Sikuambii, msomaji, kwamba udongo ni bora kuliko saruji. Nyumba niliyoijenga Kwale ingali imara. Mvua haiioshi na mchwa hawaili. Lakini nyanya yangu alifariki mwaka 2019, na katika miaka ile mitatu ya mwisho alishinda mchana kutwa chini ya mwembe. Nilipompigia simu walinijibu kuwa yuko mwembeni. Nilidhani anaupenda mwembe. Sasa, nikiuegemeza mgongo wangu kwenye ukuta ule wa kaskazini wakati wa kiangazi na kusikia ubaridi wake, najua kuwa alikuwa akiyakimbia mabati yangu.

Ikiwa na wewe likizoni hurudi katika nyumba iliyokandikwa kwa mikono, usiione haya kama nilivyoona mimi. Mwulize aliyeikandika alikanyaga namna gani na alichanganya nini, kisha uvue viatu uingie katika tope pamoja naye. Huenda siku moja utaijenga nyingine ya saruji, na huenda utafanya vema. Lakini umsikilize kwanza mwenye nyumba akikuomba akuachie chumba kimoja, maana hatakuomba mara ya pili.